Kubuni, kuzua, kupika: maswali ninayoulizwa sana kuhusu maneno ya Kiingereza ya uvumbuzi na hila

Nina meza moja ndani ya duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga, kati ya mashine ya kutolea kopi na rafu ya madaftari. Kazi yangu ni kutafsiri: vyeti, wosia, mikataba, barua za kuombea kazi, na mara mojamoja barua ya mapenzi kwa mtu aliye ng'ambo, ambayo bei yake iko juu kidogo. Maswali yanayonirudia kuliko yote ni ya ukoo mmoja wa maneno ya Kiingereza, yale yanayosema kwamba mtu kaunda jambo kichwani mwake. Yako mengi, na kamusi ndogo za mfukoni huyapa karibu yote tafsiri moja, "buni", kisha zinakuacha upotee peke yako. Nimeyaandika majibu hapa ili nipunguze kuongea.

Mwalimu, "concoct" maana yake nini?

Hivi ndivyo linavyoingia kwenye simu yangu usiku: neno moja, alama ya kuuliza, basi. Hata salamu hakuna. Nami hujibu kwa swali: nani kasema, na anamsema nani?

Sichezi na mtu. Maneno haya kazi yake ni moja, tofauti iko kwa msemaji. Mtu akipanga jambo nami nalikubali, nitasema "devise". Nikianza kulishuku, "contrive". Nikishamwona mwongo, "concoct" au "fabricate". Kitendo ni kilekile. Sisi hapa tunafanya vivyo hivyo bila kujijua: mama anasema mwanawe kabuni biashara; jirani wa dirisha la pili anasema yule kijana kazua jambo jipya. Ukitafsiri maneno ya jirani kwa neno la mama, umeshabadilisha habari.

"Invent" ni kubuni, kuvumbua au kugundua?

Kwa Kiingereza cha leo, "invent" ni kuleta kitu ambacho hakikuwepo, na "discover" ni kukuta kilichokuwepo. Balbu ilibuniwa, mafuta yaligunduliwa. "Vumbua" yetu imekaa katikati, inabeba vyote viwili, na hapo ndipo watoto wa shule wanapokwama. Sisi tuliulizwa darasani nani aliyevumbua Mlima Kilimanjaro, na jibu lililotakiwa lilikuwa Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyeuona mwaka 1848. Wachaga waliokuwa na migomba yao chini ya mlima huo hawakuhesabiwa. Lakini hata ukiyakubali maswali ya namna hiyo, kwa Kiingereza huwezi kabisa kusema Rebmann "invented" mlima. Watacheka.

Ajabu ni kwamba zamani wangeweza. Neno lenyewe limetoka Kilatini, "invenire", yaani kuja juu ya kitu, kukikuta njiani. Kanisa la Magharibi lilikuwa na sikukuu ya tarehe 3 Mei ambayo kwa Kiingereza iliitwa "Invention of the Cross", na maana yake ni kupatikana kwa msalaba. Hakuna aliyedai kwamba msalaba ulibuniwa. Mabaki ya maana hiyo yapo hapa hapa dukani: "inventory", orodha ya mali, ni orodha ya vitu vilivyokutwa. Kila mwisho wa mwaka tajiri wangu anaifanya, na kila mwaka hukuta pungufu ya kalamu.

Halafu kuna "invent" ya tatu, ya uongo. Itazame nomino inayofuata. Mtu aki-"invent" mashine, mpe hongera. Aki-"invent" udhuru, ugonjwa au shangazi aliyefariki mara ya tatu mwaka huu, hapo ni kuzua.

Kuna tofauti gani kati ya "devise" na "device"?

Kwa herufi ni moja tu. "Devise" ni kitenzi, na mwisho wake husikika kama z ya "zulia". "Device" ni nomino, na mwisho wake ni s ya "siri". Simu ni "device", aliyeipanga alii-"devise". Ukikariri jozi ya "advise" na "advice" umeikariri na hii.

Kinachonipendeza zaidi ni asili yake. Neno hili ni ndugu wa "divide", kugawa. Mtu anayepanga jambo analikata vipande, hiki hapa, kile pale, kisha analiunga. Na maana ya kugawa haijafa. Iko kwenye wosia. Miaka kadhaa nyuma walikuja ndugu watatu na karatasi iliyopigwa taipu, rangi ya chai, kingo zimeliwa na mchwa. Wosia wa babu yao. Mkubwa wao, ambaye Kiingereza alikuwa nacho cha kutosha kujidhuru, alikuwa ameweka kidole juu ya mstari unaosema "I give, devise and bequeath", na uso umemwiva.

"Mwalimu, hapa mzee anakiri kwamba shamba alilibuni. Yaani halikuwepo?"

Shamba lilikuwepo, nalo lilikuwa na minazi. Katika lugha ya sheria ya Kiingereza, "devise" ni kumwachia mtu ardhi au nyumba kwa wosia, na "bequeath" kwa desturi ni kumwachia vitu vinavyohamishika: fedha, ng'ombe, cherehani. Niliwaandikia "natoa, nagawa na kurithisha", wakaondoka wakiwa wanasemeshana tena.

Kwa nini "scheme" wengine wanalitumia vizuri na wengine vibaya?

Kwa sababu Mwingereza na Mmarekani hawakuafikiana. Uingereza, "scheme" ni mpango tu, hata wa serikali, hata wa pensheni. Marekani, mtu akilisikia anashika mfuko wake wa suruali. Kule linanuka utapeli. Sisi tulitawaliwa na Mwingereza, kwa hiyo ofisi zetu zimejaa lile la kwanza. Mwalimu wa sekondari anaandaa "scheme of work", ambayo kwa Kiswahili cha shule ni azimio la kazi. Mtumishi wa umma ana "scheme of service", muundo wake wa utumishi. Wakulima wa mpunga wa Mombo, njia ya kwenda Lushoto, wana skimu yao ya umwagiliaji, na neno skimu limeshakuwa letu hata bibi asiyejua Kiingereza analisema: "maji ya skimu leo hayajafika."

Skimu iliyovuma kuliko zote nchini ni ile ya karanga. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia, serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, kwa mamilioni ya ekari. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Mibuyu ilikataa kung'oka, udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa mgumu kama sakafu, na mvua ilifanya inavyotaka. Kuna mashine walizotengeneza kwa kugeuza vifaru vya vita kuwa matrekta. Mwaka 1951 wakauacha mradi, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimezama. Jina lake la Kiingereza ni "Groundnut Scheme". Lilipotolewa lilikuwa neno safi kabisa la ofisini. Ukilisoma leo, hasa ukiwa Mmarekani, unaona kama waliotoa jina walikuwa wanatania.

Sasa tahadhari. "Scheme" ikiwa nomino inaweza kuwa njema. Ikiwa kitenzi, "to scheme", au ikiwa mtu, "schemer", haina wema popote, London wala Chicago. Nimelilipia somo hili. Nilipokuwa kijana nilipewa kazi ya kuandaa kumbukumbu za mkutano wa mradi mmoja, na wafadhili wa ng'ambo walikuwa wanakuja. Kamati ya mipango nikaiita, kwa herufi kubwa, katikati ya ukurasa, "Scheming Committee". Niliona nimepatia: mpango ni "scheme", basi kupanga ni "scheming". Mgeni wa kwanza kuisoma alikuwa mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akaniuliza kwa upole kama kamati ile hukutana usiku. Kamati ya mipango ni "planning committee". Sijasahau tena.

Vibao vya mafundi vimeandikwa "Welding and Fabrication". Mbona wanajitangaza waongo?

Swali hili liliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, na nililipenda hata nikamnunulia juisi ya ukwaju. Alikuwa amejifunza kwenye habari kwamba "fabricated" ni ya uongo, ya kubuni, halafu njiani kuja kwangu amepita karakana tatu zenye neno hilo kwa rangi nyekundu.

Mafundi wako sawa, na gazeti liko sawa. Kwa Kilatini, "faber" ni fundi wa vitu vigumu, mhunzi au seremala, na "fabricare" ni kuunda kwa mikono. Fundi anayechomelea geti ana-"fabricate" geti. Chuma kinakatwa, kinapindwa, kinaungwa, kinasuguliwa mpaka huoni alipounga. Na hapo hapo ndipo maana ya pili ilipozaliwa: uongo mzuri nao huoni ulipoungwa. Ndugu yake ni "forge". Tanuru la mhunzi ni "forge", kufua chuma ni "forge", na kughushi sahihi ni "forge". Kiswahili "ghushi" hakina habari na chuma, kwa hiyo wanafunzi wangu hushangaa sana.

Kanuni ya mezani kwangu ni fupi: ukitaja kitu cha kushika, geti, tangi, mlango wa duka, "fabricate" ni ufundi. Ukitaja karatasi, taarifa, ushahidi, takwimu, ni kosa la jinai. Binti mmoja mhasibu aliniletea barua ya kuombea kazi niikague kabla hajaituma. Aya ya pili ilisema kwamba katika ajira yake ya awali "I fabricated monthly financial reports for three years". Alikuwa amelichagua neno hilo makusudi, kwa sababu "prepared" aliliona dogo. Nilimwonyesha kwa kalamu, nikamweleza. Akanyamaza, akaniangalia, akasema, "Mwalimu, hii nimeshaituma sehemu nne."

Kwa nini Waingereza hupika uongo kama sisi?

Kwa sababu kila anayepika anajua kwamba mlaji haoni kilichoingia sufuriani. Hapa mtu anapika majungu, matokeo yanapikwa, na msimamizi wa utafiti akikuta majibu yamenyooka mno husema data zimepikwa. Kiingereza kina "cook up a story", kupika kisa, na "cook the books", kupika hesabu za kampuni. "Concoct" ya yule mtumaji wa usiku ni jiko hilohilo kwa Kilatini: kupika pamoja. Inafaa kwa kitu kilichochanganywa viungo vingi visivyoelewana. Mtu akichanganya asali, tangawizi, ndimu na kitu kingine asichotaka kukitaja akakuuzia kama dawa ya kifua, hiyo ni "concoction". Akichanganya ukweli kidogo na jina la mkubwa na tarehe ya kubahatisha ili ajinasue polisi, hiyo nayo ni "concoction".

Kwa wapenda ukoo wa maneno: biskuti tunazochovya kwenye chai ya jioni ni za ukoo huo, zilizopikwa mara mbili.

Mengine ya jikoni na bandani. "Brew" ni kupika pombe au chai, na jambo baya likiwa njiani lina-"brew", linachemka chini kwa chini. "Hatch" ni kuangua mayai, na njama nayo huanguliwa: "hatch a plot". Kuku ameatamia kimya siku 21, hakuna aliyemjali, kisha vifaranga hao. Picha hiyo naiona nzuri kuliko zote, na sijui kwa nini Kiswahili hatujaiazima.

Sheikh anasema "innovation" ni upotofu, serikali inatoa tuzo za "innovation". Nimfuate nani?

Wote wawili, kila mmoja kwa lake. Swali hili ni la Tanga hasa, mji wenye madrasa kila mtaa. Vitabu vya dini vilivyotafsiriwa kutoka Kiarabu kwenda Kiingereza huliweka neno bidaa kama "innovation". Kwa Kiswahili bidaa ni uzushi katika dini, kuongeza ibada ambayo haikufundishwa. Kijana akisoma kitabu hicho asubuhi, na mchana akaona tangazo la mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yale ya MAKISATU, atachanganyikiwa, na ana haki.

Historia ya Kiingereza chenyewe inamuunga mkono sheikh kwa sehemu. Kwa karne kadhaa "innovation" lilikuwa tusi kule Uingereza, la dini na la siasa. Mwaka 1548 Mfalme Edward VI alitoa tangazo la kuwakataza watu kubadili mambo ya ibada kwa vichwa vyao, na kitenzi kilichotumika ni hichohicho, "innovate". Neno limetakaswa baadaye sana, na biashara ndiyo iliyolitakasa. Kwa hiyo unapotafsiri: kitabu cha dini, andika uzushi au bidaa, taarifa ya wizara, andika ubunifu. Ukivipishanisha utaitwa ofisi mbili kwa siku moja.

"Contrive" ni nzuri au mbaya?

Ina mguu mmoja kila upande. "He contrived to get a seat on the bus" ni sifa ya kejeli kidogo: alifanya ujanja mpaka akapata siti. "Contrivance" ni kidude, chombo cha kujiundia, kama ile mashine ya kukunia nazi ya mzee wa jirani yangu iliyofungwa kwenye kanyagio la baiskeli. Lakini "contrived", ikiwa sifa ya kisa au ya tabasamu, ni ya kulazimisha: unaona uzi ulipopita.

Mfano wangu huwa ni nyuki. Novemba 1914 Waingereza walileta hapa Tanga jeshi la askari wapatao 8,000 kutoka India. Upande wa pili alikuwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliokuwa wakitutawala wakati huo, na askari wasiozidi 1,000 hivi, wengi wao Waafrika. Mapigano yalianza tarehe 3, na kufika tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wameacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Katikati ya risasi, mizinga ya nyuki ilichokozwa na makundi ya nyuki yakawashukia. Nyuki hawakubagua, upande wa pili nao waliumwa. Ila huko Uingereza kikatokea kisa kwamba Wajerumani walikuwa wametega nyaya msituni, askari akiikanyaga, mzinga unafunguka. Mtego wa nyuki!

Hapo unaweza kufanya zoezi zuri la sarufi. Waliokiamini kisa walisema Wajerumani "contrived" mtego. Wasiokiamini walisema kisa chenyewe ni "contrived". Neno moja, na limebadilisha mwongo.

Dalali ananiuzia "ploti". Gazeti linasema kuna "plot" ya kumuua waziri. Mwalimu wa fasihi anataka "plot" ya hadithi. Ni neno moja?

Ni moja. La zamani kuliko yote ni la dalali: kipande cha ardhi. Kutoka kipande cha ardhi likaja mchoro wa kipande hicho, kutoka mchoro ukaja mpango, na karne ya 16, likisukumwa na neno la Kifaransa "complot", mpango ukawa wa siri na wa kuua. Maarufu kwa Waingereza ni ule wa baruti wa mwaka 1605, walipotaka kulipua bunge lao. Mpaka leo wanachoma moto kila tarehe 5 Novemba. La fasihi ni mpangilio wa matukio, msuko.

Na sisi? Mtu wa mtaani akisema "nimeshamchora" au "huu mchoro tu", anazungumzia hila, naye hajasoma Kiingereza popote. Kalamu na karatasi zimewapeleka watu wawili njia moja.

"Ingenious" na "ingenuous"?

Ya kwanza ni mwenye akili ya kubuni. Ya pili, yenye u, ni asiye na hila hata kidogo, moyo wake uko usoni. Karibu kinyume. Kwenye barua ya kumsifia mfanyakazi wako usikosee. Injini na injinia ni jamaa wa ile ya kwanza. Na mtu aki-"engineer" kuondolewa kwa mwenyekiti, hakutumia spana: alipanga mpaka mwenyekiti akaondoka, huku mikono yake misafi.

"Cunning", "crafty", "machination"?

Haraka tu. "Cunning" asili yake ni kujua. "Craft" asili yake ni nguvu na ufundi, na kwa Kijerumani "Kraft" bado ni nguvu. "Machination" ni ya ukoo wa mashine. Yote matatu yalianza kama ustadi yakaishia kuwa ujanja. Fundi wetu naye anakaribia: ukisikia "yule fundi" kwa sauti fulani, anayezungumziwa hajashika msumeno.

Nitasemaje kwa Kiingereza mchongo, figisu na zengwe?

Mchongo ndio mgumu, kwa sababu unaweza kuwa halali. "Kuna mchongo bandarini" kwaweza kuwa kibarua cha siku mbili: andika "a bit of work". Kwaweza kuwa vilevile mzigo usiopita forodhani, na hapo "a racket" inafaa zaidi. Muulize mwenye kauli, akikataa kujibu umeshapata jibu.

Figisu ni za mpira kwanza. Kila timu ikifungwa kwenye uwanja wetu wa Mkwakwani, ya nyumbani au ya wageni, kuna figisu. "Dirty tricks" inatosha. Ukitaka rangi kidogo, "shenanigans", neno ambalo hata wao hulitamka wakitabasamu.

Zengwe naliona linaenda vizuri na "intrigue", ambalo limetokana na neno la Kilatini la kutatiza, kufunga mafundo. Zengwe nalo husukwa. Njama ni "conspiracy", ambayo kwa asili ni kupumua pamoja; vichwa vimekaribiana mpaka pumzi zinachanganyika. Mbinu ni "tactic" au "technique", haina dhambi. Hila ni "ruse" au "trick". Mkakati ni "strategy", na ukiusikia mara kumi kwenye hotuba moja jua hamna kitu.

"Spin a yarn" nitafsiri vipi? Nimeandika "kusokota uzi" mwalimu akanikata alama.

Alikuonea kidogo. Maana yake ni kusimulia kisa kirefu kilichotiwa chumvi, na watu wa kwanza kusema hivyo walikuwa mabaharia, ambao walipiga soga wakisokota na kukarabati kamba. Kiswahili cha mtaani kinalo lake la kamba: "ananipiga kamba." Kwa mji ulioishi kwa kamba za mkonge, nisingetafuta jingine.

Mkonge wenyewe una kamba yake. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, alileta miche pwani hii kutoka Florida. Asili ya mmea ni Mexico, rasi ya Yucatán, na jina "sisal" ni la bandari moja ya huko. Alianza na miche 1,000. Iliyofika hai na kupandwa upande wa Pangani ilikuwa 62. Mashamba yote unayoyaona ukitoka Muheza kwenda Korogwe yalianzia kwenye hesabu hiyo ndogo. Hayo ni ya kuandikwa. Ya kusimuliwa ni kwamba miche ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa ili isionekane. Nimesikia kisa hicho tangu utotoni, na kila msimulizi mamba wake ni mrefu kuliko wa mwenzake.

Kutunga neno jipya ni "coin". Kwa nini sarafu?

Kwa sababu neno jipya, kama sarafu, hugongwa mhuri kisha likaachiwa lizunguke. Likikubalika sokoni limekuwa neno. "Coin" lilitokana na neno la kabari, kile chuma cha kugongea alama. Kwetu maneno hugongwa na watu wengi. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, ni la serikali na lina mhuri rasmi. Lakini UKIMWI lilipita kwa sababu kila herufi ilikuwa na kazi, TEHAMA, teknolojia ya habari na mawasiliano, vilevile. Kikokotoo lilikaa vitabuni miaka mingi likimaanisha mashine ya hesabu, mpaka lilipopewa kanuni ya kukokotolea mafao na wastaafu wakaanza kulitamka kwa uchungu, na sasa hata muuza mihogo analijua. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alikuwa mtumishi wa ofisi mchana, na maneno yake yanazunguka bado.

Usichanganye tu na "make up a word", ambayo mara nyingi ni lawama: umelizua, halipo. Mtoto akishindwa kwenye mchezo wa maneno ndiyo kauli atakayoisikia.

Unatoza kiasi gani, na unapatikana saa ngapi?

Barua ya kazi ya ukurasa mmoja ni shilingi 3,000, kukagua tu 1,500. Wosia na mikataba tunaelewana. Nipo tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, isipokuwa Ijumaa kuanzia saa sita naenda msikitini. Maswali ya simu ni bure, lakini tuma sentensi nzima, na useme kwanza kama barua umeshaituma.